Kutoka Mlolongo hadi Westlands: uchambuzi wa barabara ya kulipia inayohudumia uwanja wa JKIA

Mlolongo ulipata jina lake kutokana na malori yaliyojipanga kusubiri mizani kando ya barabara ya Mombasa. Leo hapo ndipo inapoanzia Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27.1 inayopita karibu na lango la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), ikakatiza jiji na kuishia barabara ya James Gichuru, Westlands. Ujenzi ulizinduliwa tarehe 16 Oktoba 2019. Magari yaliruhusiwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, na tarehe 31 Julai mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta akaifungua rasmi. Kwa mradi wa takriban dola milioni 668, ndani ya jiji lenye shughuli nyingi kiasi hicho, hiyo ni kasi ya kuheshimiwa.

Kasi hiyo ilitokana na maamuzi mawili. La kwanza, barabara mpya ijengwe juu ya ardhi ya barabara iliyokuwapo. La pili, mkandarasi mwenyewe, China Road and Bridge Corporation, atafute fedha, ajenge, kisha azirudishe kwa kuwatoza madereva kwa miaka 27. Uamuzi wa kwanza uliondoa kikwazo cha ardhi na wa pili ukaondoa kikwazo cha bajeti. Lakini gharama iliyoondolewa mahali pamoja ilitua mahali pengine: kwenye mitaro ya maji, kwenye miteremko ya kutokea, kwa anayetembea kwa miguu, na kwenye thamani ya shilingi. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kufuata gharama hizo mahali zilipotua.

Shida iliyokuwapo

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, wakati huo ukiwa nje kabisa ya mji, kilomita zipatazo 15 kusini mashariki mwa katikati ya jiji. Jiji likaufuata. Viwanda, maghala, mitaa ya Imara Daima na Syokimau, halafu kituo kikuu cha reli ya SGR, vyote vikaegemea barabara ile ile moja. Barabara hiyo ilibeba malori ya kutoka Mombasa, wafanyakazi wa Industrial Area, wakazi wa Kitengela na Athi River, na abiria wa ndege.

Wapangaji wengi hukosea hapa kwa kupima muda wa wastani. Abiria wa ndege hapangi kwa wastani. Ikiwa safari kutoka Westlands huchukua dakika 40 siku njema na dakika 150 siku mbaya, mwenye ndege ya saa tano usiku atahesabu 150, aongeze saa tatu za ukaguzi, ajikute anafunga mlango wa nyumba saa kumi na moja na nusu jioni. Siku njema karibu saa mbili zinapotea bure kwenye kiti cha uwanjani. Kwa hiyo barabara ya uwanja wa ndege ina kazi moja kuu, kupunguza tofauti kati ya siku njema na siku mbaya. Hata ikimpunguzia abiria dakika 20 tu za wastani, ikiwa imeondoa zile siku za dakika 150 imemfaa sana. Na ikiwa imeleta mwendo wa kasi halafu foleni isiyotabirika mwishoni, bado haijamaliza kazi.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Maua ya Naivasha hupanda ndege JKIA, na lori la maua haliwezi kusubiri juani. Southern Bypass, inayotoka Kikuyu hadi karibu na hoteli ya Ole Sereni, ilikuwa tayari imewapa madereva hao njia ya kulikwepa jiji, lakini iliwatema kwenye barabara ya Mombasa, kilomita chache kabla ya uwanja, kwenye foleni ile ile.

Kwa nini katikati ya barabara

Kulikuwa na njia nyingine za kufikiria. Reli ya abiria ilishafika Syokimau mwaka 2012, lakini haikufika kwenye majengo ya abiria. Barabara mpya kabisa kwenye ardhi mpya ndiyo njia waliyochagua majirani wa Uganda: Kampala–Entebbe Expressway ilifunguliwa Juni 2018 kwa gharama ya dola milioni 476, milioni 350 kati ya hizo zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China, na ilipita kwenye mashamba, vijiji na mabwawa ya matete. Njia hiyo hupata barabara safi, yenye kona pana na isiyoingilia magari ya barabara ya zamani, ila inakutana na kazi ngumu kuliko zege, yaani fidia. Mwaka 2015, katika kesi ya barabara nyingine, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa serikali haiwezi kutwaa ardhi ya mtu kabla ya kumlipa. Uamuzi huo ni wa haki, na kila mpangaji wa barabara mpya anapaswa kuuweka kwenye ratiba yake tangu siku ya kwanza.

Nairobi ilikwepa sehemu kubwa ya mtihani huo. Hifadhi ya barabara ya Mombasa, Uhuru Highway na Waiyaki Way ilikuwa mali ya umma tayari. Kwa hiyo takriban kilomita 18.2 zikalala chini na kilomita 8.9 zikainuliwa juu ya nguzo, leni nne sehemu fulani na sita kwingine. Kusini kabisa kuna mbuga ya taifa, kaskazini kuna viwanda, katikati ya jiji kuna Uhuru Park, ambayo wananchi waliipigania mwaka 1989 wakiongozwa na Wangari Maathai na wakapaza sauti tena mwaka 2019 waliposikia barabara inaigusa. Ukiitazama ramani, ukanda wa katikati ndio ulioonekana uko wazi.

Uwazi huo ulikuwa na wenyewe lakini. Ukanda wa katikati ulikuwa na miti, taa na mifereji, na ni kwenye barabara hizo hizo ambako laini ya mabasi ya mwendo kasi iliyopewa jina la Ndovu ilipangwa kupita. Nguzo ikishasimama katikati, haihami kwa miaka 100. Basi la leni maalumu litalazimika kubanwa pembeni, ambako kuna vituo vya matatu, milango ya maduka na maingilio ya mitaa, na pembeni ndipo mwendo kasi hufa. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa zito kuliko yote katika upangaji. Upana wa kutosha leni moja ya basi kila upande ungetengwa na kuchorwa kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, hata kama basi lenyewe lingekuja baada ya miaka 10.

Masharti ya ndege

Anayejenga karibu na uwanja wa ndege hapimi ardhi peke yake, hupima na anga. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga, kuzunguka uwanja mkubwa kuna uso wa kufikirika ulio mita 45 juu ya uwanja, unaoenea hadi kilomita 4, na mbele ya njia ya kurukia kuna mteremko mwingine unaopanda taratibu, mita 2 kwa kila mita 100. Kitu chochote kinachotoboa nyuso hizo kinahitaji kibali au hakijengwi. Daraja lenyewe mara nyingi halifiki huko. Kinachofika ni kreni. Kreni ya kuinua boriti inaweza kunyoosha mkono mita 50 au zaidi, na mkandarasi aliyesahau kuomba kibali cha kreni husimamishwa kazi siku ya kwanza ya kuinua. Ombi hutaja mahali, urefu wa juu kabisa, tarehe na saa, na kreni hufungwa taa nyekundu juu.

Taa za barabarani nazo zisimwage mwanga juu. Safu ndefu ya taa kali zilizonyooka, ikiwa inakaribia kuwa sambamba na njia ya kurukia, inaweza kumchanganya rubani usiku. Hutumika taa zilizofunikwa upande wa juu, na mpangilio wake hupitiwa na mamlaka ya anga. Sharti la tatu husahaulika zaidi: maji. Bwawa la kuhifadhi maji ya mvua ni suluhisho zuri kwa barabara yoyote, lakini karibu na uwanja huita ndege wa mwituni, na Nairobi ina makorongo wakubwa wa kutosha. Bwawa la eneo hilo libuniwe likauke ndani ya saa 48, au maji yasafirishwe mbali kwanza.

Ardhi ya chini

Upande wa Mlolongo na Embakasi ardhi ni tambarare yenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kila dereva wa Nairobi ameona matokeo yake: lami inayojikunja kama bahari. Uwezo wake wa kubeba, kwa kipimo cha CBR kinachoulinganisha na mawe yaliyopondwa, mara nyingi uko chini ya asilimia 5, na ukilowa huporomoka zaidi. Tiba ya kawaida ni kuuondoa wote kama haujazidi mita moja hivi hadi kufikia mwamba, kisha kujaza mawe na kifusi kwa tabaka za sentimita 15 hadi 30, kila tabaka ikishindiliwa na kupimwa. Pale ulipo mnene mno, huchanganywa na chokaa kiasi cha asilimia 4 hadi 6, au hufunikwa kwa tabaka nene na mitaro ya pembeni kusogezwa mbali ili unyevu usicheze chini ya lami. Ujanja wa kuokoa fedha kwa kuacha udongo huo kwenye ukingo tu, chini ya mabega ya barabara, huonekana baada ya mvua ya pili kama ufa mrefu unaofuata mstari wa njano.

Kwenye sehemu ya juu, mwamba wa volkano ulio chini ya Nairobi ni rafiki, lakini si rafiki wa kuaminiwa bila kuulizwa. Tabaka gumu linaweza kukaa juu ya tabaka laini la majivu ya volkano. Kwa hiyo kila nguzo hutobolewa shimo lake la uchunguzi, lishuke angalau mita 3 hadi 5 ndani ya mwamba mzima. Kuchunguza nguzo moja kati ya tatu na kukisia zilizobaki ni uchumi wa hasara.

Kabla ya mashine kuchimba, huchimba watu. Chini ya Uhuru Highway kuna mabomba ya maji, maji taka, nyaya za umeme na nyaya za intaneti za kampuni nyingi, nyingine hazimo kwenye ramani yoyote. Mtaro wa majaribio wa kina cha mita 1.5 hadi 2 huchimbwa kwa koleo kukatiza eneo la kila nguzo. Kazi ya kuhamisha miundombinu hii ndiyo inayokula ratiba za barabara za mijini, maana kila mwenye bomba ana ofisi yake, kibali chake na mkandarasi wake. Inapobidi, ni rahisi kusogeza nguzo mita 2 kwenye mchoro kuliko kuhamisha bomba kuu la maji, na mbunifu mzuri huacha nafasi ya kufanya hivyo kwa kutofautisha urefu wa boriti.

Nguzo na boriti

Mpangilio wa kazi ni huu. Nguzo ya chini ya ardhi yenye kipenyo cha mita 1.2 ikishuka mita 15 hunywa takriban mita 17 za ujazo za zege, yaani malori matatu ya kuchanganyia, yasiyopishana kwa zaidi ya nusu saa. Kikapu cha nondo hushushwa, kisha zege humiminwa kupitia bomba refu ambalo mdomo wake haupaswi kutoka ndani ya zege, ubaki umezama mita 2 hadi 3 wakati wote. Fundi akilivuta haraka mno, udongo na maji huingia katikati, na nguzo inakuwa na kiuno cha matope kisichoonekana. Ndiyo maana kila nguzo hupimwa kwa mawimbi ya sauti kabla ya kufunikwa. Ikigundulika mbovu, huongezwa nguzo mbili ubavuni na kitako cha zege kinachoziunganisha juu kinakuwa kikubwa zaidi, kwenye barabara ambayo tayari haina nafasi.

Juu ya kitako husimama nguzo yenye kichwa kipana, na juu ya kichwa hulala boriti zilizotengenezwa yadini, yaani kiwanja cha kumiminia zege mbali na barabara. Uzuri wa yadi ni kwamba boriti hutengenezwa wakati nguzo bado zinajengwa, kwa hiyo kazi mbili hukimbia pamoja. Boriti ya mita 30 ina uzito wa kati ya tani 65 na 75. Nyaya zake za chuma huvutwa zege linapofika kama asilimia 80 hadi 85 ya nguvu yake, kwa kawaida siku 5 hadi 7 kwa hali ya hewa ya Nairobi, mwezi wa Julai ikichelewa kidogo kwa baridi. Zikivutwa mapema, boriti hujikunja juu kupita kiasi, na sentimita 3 za ziada katikati ya boriti zinalazimisha sakafu ya daraja iwe nyembamba hapo na nene pembeni.

Kuinua hufanywa usiku. Kreni mbili, moja kila mwisho, barabara ikifungwa saa tano usiku na kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Timu yenye mazoea huweka boriti 4 hadi 6 kwa usiku mmoja. Nairobi ilikuwa na kafyu kuanzia 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021, na barabara tupu za usiku zilikuwa bahati ambayo mradi mwingine usiipangie. Anayenakili ratiba ya Nairobi Expressway bila kuondoa faida hiyo atajikuta nyuma kwa miezi.

Baada ya boriti huja mihimili midogo ya kuziunganisha, sakafu ya zege ya kama milimita 200, kuta za pembeni, utando wa kuzuia maji, kisha lami. Mahali pa kuogopa ni viungo vya kutanukia kati ya sehemu moja ya daraja na nyingine. Vikikaa milimita 5 juu ya lami, kila lori linavigonga, na baada ya miaka michache ni kelele na zege lililovunjika kingo. Huwekwa baada ya lami kumalizika, lami ikikatwa kwa msumeno, na mvua ikinyesha siku hiyo kazi inaahirishwa.

Maji yaliyoshushwa kwa walio chini

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu ndiko malalamiko mengi ya wananchi yametokea. Daraja la kilomita 8.9, tukichukua upana wa mita 20 kwa hesabu, lina eneo la mita za mraba 178,000. Halinywi tone. Mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo Nairobi huiona kwa vipindi vifupi vya Aprili na Mei, hushusha kutoka hapo takriban mita 5 za ujazo kila sekunde. Kwa kila urefu wa mita 30 kati ya nguzo mbili, ni lita 17 kwa sekunde.

Maji hayo si mapya, yangenyesha hata hivyo. Kilichobadilika ni mahali na mwendo. Zamani sehemu yake iliangukia kwenye nyasi na miti ya ukanda wa katikati, ikanyweka. Sasa yote hukusanywa na mabomba, hutelemka kwenye nguzo na kufika chini mahali pachache kwa nguvu, kwenye barabara ambayo mitaro yake ilibuniwa kwa jiji dogo zaidi na imejaa chupa za plastiki. Bomba likiishia juu ya lami badala ya kuzama ndani ya shimo la ukaguzi, matatu iliyo chini inapigwa maporomoko kiooni.

Suluhisho linajulikana na si ghali likifanywa mapema: kila bomba la kushushia lizame kwenye shimo lenye mtego wa mchanga, mashimo yaunganishwe na mfereji mkuu mpya unaofuata mstari wa nguzo, na mfereji huo ufike mtoni, si kwenye mtaro wa zamani. Kati ya uwanja wa michezo wa Nyayo na makutano ya Cabanas maana yake ni kuelekea Mto Ngong na vijito vyake, pamoja na kupanua kalvati zinazokatiza barabara ya Mombasa. Kosa la kimkataba ni kugawanya: aliye juu ana mkataba wa daraja, aliye chini ni mamlaka ya barabara, na mfereji ni wa kaunti. Maji hayasomi mikataba. Mkandarasi wa juu alipaswa kukabidhiwa maji yake hadi mtoni.

Ada, na shilingi iliyoteleza

Kenya iliwahi kuwa na vituo vya ushuru barabarani, hadi vilipoachwa miaka ya 1990 na nafasi yake kuchukuliwa na tozo ya mafuta. Kituo cha matatu kati ya Ruiru na Juja bado kinaitwa Toll. Kwa hiyo sheria ilikuwapo, na hilo liliipa Nairobi nafuu ambayo Kampala haikuwa nayo. Uganda ilifungua barabara yake Juni 2018 lakini ilianza kutoza 8 Januari 2022, baada ya sheria ya barabara ya 2019 na kumpata mwendeshaji, kampuni ya Ufaransa ya Egis. Kwa miaka mitatu na nusu barabara ilitumika bure, wakati deni lilikuwa linahesabiwa.

Nairobi, kampuni ya Moja Expressway, tanzu ya mkandarasi, ilianza kutoza mwaka wa ufunguzi. Gari dogo kwa safari nzima kutoka Mlolongo hadi Westlands lilikuwa shilingi 360. Kuanzia 1 Januari 2024 ikawa 500. Wengi waliona ni tamaa, lakini hesabu inaeleza jambo jingine. Dola ilikuwa karibu shilingi 116 barabara ilipofunguliwa, na karibu 156 mwisho wa 2023. Gawanya: 360 kwa 116 ni dola 3.10, na 500 kwa 156 ni dola 3.20. Ada kwa dola haikusogea sana. Mwekezaji alikopa kwa dola, dereva analipwa mshahara kwa shilingi, na mkataba umeweka hatari ya kubadilisha fedha kwa dereva.

Anayeandika mkataba kama huu ajiulize maswali matatu. Sehemu gani ya gharama kweli ni ya dola? Mishahara ya wahudumu, lami ya kuziba mashimo na umeme wa taa hulipwa kwa shilingi, kwa hiyo ada yote isifungwe kwenye dola. Dola ikishuka, kama ilivyorudi karibu 130 mwaka 2024, ada inashuka kwa kanuni ile ile na kwa tarehe ipi? Na ada ikipanda hadi madereva wakarudi chini, nani anabeba pengo? Swali la tatu lina uzito kwa sababu barabara ya Nairobi ina mshindani wa bure kando yake na chini yake.

Vibanda na miteremko

Leni moja ya barabara ya kasi hupitisha magari 1,800 hivi kwa saa. Kibanda cha fedha taslimu hupitisha 200 hadi 300, cha kadi kama 400, na cha kifaa cha kielektroniki kinachosomwa bila kusimama hufika 800 au zaidi. Leni mbili zenye magari 3,200 kwa saa zinataka vibanda 11 hadi 16 vya taslimu, au vinne vya kielektroniki. Kwenye ukanda mwembamba kama wa Museum Hill hakuna nafasi ya vibanda 16. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuhimiza kifaa cha kielektroniki, na kingepaswa kutolewa kwa bei isiyomzuia mtu mwenye safari mbili kwa mwezi. Dereva wa teksi anayekwenda JKIA kila siku atakinunua. Familia inayompeleka mgeni mara moja kwa mwaka haitakinunua, nayo ndiyo inayosimama kibandani ikitafuta noti na kuchelewesha foleni.

Mteremko wa kutokea unahitaji hesabu ya foleni, na hesabu hiyo ni fupi. Mteremko wa mita 250 wenye leni mbili hubeba magari kama 71, kila moja likichukua mita 7. Kama magari 900 kwa saa yanashuka, na makutano ya chini yanaweza kupokea 600 tu, yanabaki 300 kila saa. Mteremko unajaa ndani ya dakika 14. Baada ya hapo foleni inapanda juu, na gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linakutana na mkia uliosimama nyuma ya kona. Watumiaji wa asubuhi wanaoshukia Westlands na Museum Hill wanaijua hali hiyo. Kurefusha mteremko huongeza dakika chache tu. Kinachotibu ni makutano ya chini: taa zinazosoma urefu wa foleni, leni ya kugeuka kushoto bila kusimama, na kuondoa maegesho mita 200 za kwanza baada ya kushuka. Na juu, ubao unaomwambia dereva foleni imeanza kabla hajapita njia ya kutokea iliyotangulia.

Walio chini

Nairobi ni jiji la watembeao kwa miguu na wapandao matatu. Barabara ya juu hairuhusu watembea kwa miguu, baiskeli wala pikipiki, na matatu nyingi huishi kwa vituo vya njiani, kwa hiyo hazina la kufanya huko. Wengi waliobaki chini walivumilia ujenzi: vivuko vilivyohamishwa, mahali pa kugeuzia palipozibwa, vumbi na giza. Mfanyakazi wa uwanja anayepanda matatu ya 34 hakupunguziwa dakika hata moja na daraja, isipokuwa kwa magari yaliyompisha kwa kuhamia juu. Faida hiyo ya pili ni ya kweli, lakini hudumu muda mfupi, kwa kuwa nafasi iliyoachwa barabarani hujazwa na magari mapya.

Kivuko cha muda kilipaswa kuwa tayari kabla ya kile cha zamani kubomolewa, kisizidi mita 300 kutoka hapo, chenye taa. Anayelazimishwa kuzunguka mita 800 atakatiza barabara, na hakuna uzio utakaomzuia kwa miaka miwili.

Kuhusu miti, kisa cha mugumo wa Westlands kinafaa kukumbukwa kama utaratibu. Mti huo wenye umri wa miaka zaidi ya 100, mrefu kama jengo la ghorofa nne, ulikuwa kwenye njia ya ujenzi hadi Novemba 2020, amri ya rais ilipouokoa na michoro ikarekebishwa. Kama michoro iliweza kurekebishwa ujenzi ukiwa umeanza, iliweza zaidi mwaka mmoja kabla. Sajili ya miti yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 60, ikiwa na nafasi yake kwenye ramani, ni kazi ya wiki mbili kwa watu wanne.

Kilomita za mwisho

Expressway humfikisha abiria kwenye njia ya kutokea ya JKIA. Majengo ya abiria bado yako mbele, kwenye barabara ya uwanja ambayo si sehemu ya mradi. Hapo kuna ukaguzi wa usalama wa lango la nje, ambapo kwa kawaida abiria hushuka na kupita kwenye mashine huku dereva akipitisha gari. Ukaguzi huo una kiwango chake: kama leni moja inapitisha gari moja kila sekunde 30, ni magari 120 kwa saa, na leni nne ni 480. Jioni za ndege za Ulaya, magari yanayoletwa na barabara mpya yanaweza kuzidi hapo kwa urahisi. Dakika 20 zilizonunuliwa kwa ada hutumika kwenye foleni ya langoni, ndani ya macho ya jengo la abiria.

Hili lingegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya daraja: leni nne za ziada za ukaguzi, paa, mashine mbili, na mahali pa kushushia abiria wa teksi kabla ya lango penye basi la kuzunguka majengo kila dakika 5. Hesabu ya leni hizo ilitakiwa kufanywa pamoja na hesabu ya vibanda vya Mlolongo, kwenye jedwali moja, kwa sababu gari ni lile lile.